Wakili Anayeitetea Serikali: Ni Kazi ya Namna Gani, na Mtoto wa Kijijini Anaifikiaje?

Katika vikundi vyetu tukisikia mtoto fulani anasomea sheria, tunafurahi na kusema, "Sasa tumepata wa kututetea." Tunamwona tayari amesimama kortini upande wetu, akidai shamba la mjane au fidia ya kijana aliyegongwa na gari. Hayo ni mawazo mazuri. Lakini kuna wakili mwingine ambaye hatumzungumzii sana. Yeye hukaa upande ule mwingine wa meza. Kaunti ikishtakiwa, yeye ndiye anayejibu. Wizara, kampuni ya maji ya umma au shirika la barabara likiitwa kortini, yeye ndiye anayesimama mbele ya jaji.

Wengine humwona kama adui wa mwananchi. Si kweli, ingawa anaweza kuwa adui akiifanya kazi yake vibaya. Katika makala haya tutaeleza kazi hiyo ni nini, inafanywaje, kijana anahitaji nini ili aifikie, na kwa nini kikundi chenu kinafaa kuielewa hata kama hakuna mtoto wenu anayetaka kuwa wakili.

MTEJA WAKE NI NANI?

Serikali ya kitaifa ikishtakiwa, anayeitetea ni Mwanasheria Mkuu. Kifungu cha 156 cha Katiba ya 2010 kinasema yeye ndiye mshauri mkuu wa serikali katika mambo ya sheria, na ndiye anayeiwakilisha kortini katika kesi zisizo za jinai. Zamani ofisi hiyo hiyo ilisimamia pia mashtaka ya wezi na wauaji. Katiba ya 2010 iliitenganisha kazi hiyo na kumpa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kwa hiyo tusichanganye watu hawa wawili. Wa mashtaka anamshtaki mshukiwa kwa niaba ya umma. Wa Mwanasheria Mkuu anaitetea serikali inapodaiwa.

Huku chini kwetu, kabla ya 2013, walioshtakiwa walikuwa mabaraza ya miji na mabaraza ya wilaya. Mabaraza hayo yaliondoka, na serikali za kaunti 47 zikaingia. Mwaka wa 2020 Bunge lilipitisha sheria inayoipa kila kaunti ofisi ya Mwanasheria wa Kaunti. Mtu huyo huteuliwa na gavana, akaidhinishwa na bunge la kaunti, na lazima awe wakili wa Mahakama Kuu kwa miaka isiyopungua mitano. Chini yake kuna mawakili wengine wa kaunti wanaoandika mikataba, kutayarisha miswada na kwenda kortini.

Tena kuna mashirika ya umma: ya barabara, ya maji, ya umeme, ya misitu, ya wanyamapori, ya walimu. Mengi yana mawakili wao wa ndani. Kesi ikiwa kubwa, hukodisha wakili wa nje.

Kazi hii haiko Nairobi peke yake. Mahakama Kuu inakaa Nyeri, Murang'a, Kerugoya, Embu, Chuka, Meru na Nanyuki. Mahakama ya Rufaa pia inakaa Nyeri, na Nyeri kuna mahakama ya mazingira na ardhi na ile ya ajira. Karatina, Othaya na Mukurwe-ini kuna mahakimu. Kijana anaweza kuijenga kazi yake yote akiuona Mlima Kenya dirishani.

Sasa mteja wake hasa ni nani? Kwenye karatasi ni ofisi. Lakini pesa za ofisi ni zenu. Ni ushuru ambao mama wa soko analipa Karatina, leseni ya duka, na kodi iliyo ndani ya bei ya sukari. Mtu akidai uongo na akalipwa, dawa zinapungua zahanati. Lakini mtu mwenye haki akizungushwa miaka kumi, ameumizwa mara mbili: kwanza na kosa lenyewe, pili na mawakili waliolipwa kwa kodi yake ili wamzungushe. Wakili mzuri wa umma anajua mambo yote mawili, na kila asubuhi anayapima.

KESI INAVYOKWENDA: MFANO WA BOMBA LA MAJI

Wacha tuchukue mfano wa kutunga. Tuseme kikundi cha maji cha watu 40 upande wa Kieni kimelaza bomba kando ya barabara. Mwezi wa Machi greda inakuja kutengeneza barabara, inakata bomba mahali patatu. Kabeji zinakauka, ng'ombe wanatembezwa mbali kutafuta maji. Kikundi kinatumia shilingi 180,000 kurekebisha. Kinaandikia kaunti barua, hakijibiwi. Kinakwenda kortini. Karatasi za kesi zinafika mezani kwa wakili wa kaunti. Anafanya nini?

Swali lake la kwanza: Je, waliopaswa kushtakiwa ni sisi? Barabara zina wenyewe. Kuna shirika la barabara kuu za kitaifa, la barabara za mijini na la barabara za mashambani, na kuna barabara za kaunti. Kama greda ililetwa na shirika la kitaifa, kaunti itaomba iondolewe katika kesi. Vikundi vingi vinapoteza miezi hapa kwa sababu vilishtaki jina lisilo lenyewe.

Swali la pili: Je, kesi imeletwa kwa wakati? Hapa wengi hushangaa. Jirani yako akikuharibia mali, una miaka mitatu ya kumshtaki. Lakini aliyekuharibia akiwa ni serikali, sheria inakupa miezi 12 tu. Kwa mikataba ni hivyo hivyo: mtu wa kawaida unaweza kumshtaki ndani ya miaka sita, serikali ndani ya miaka mitatu. Baadhi ya sheria za mashirika zinataka pia utoe notisi ya mwezi mmoja kabla ya kwenda kortini. Barua mlizoandika ofisini hazisimamishi saa hiyo. Kikundi kinaweza kungoja majibu kwa upole mwaka mzima, halafu kikafika kortini kikiwa kimechelewa.

Swali la tatu: Je, jambo lenyewe lilitendeka? Wakili anamwandikia mhandisi. Anaomba kitabu cha safari za greda, jina la dereva, na ripoti ya msimamizi. Wakili mvivu ataandika tu, "Tunakana kila kitu." Wakili mwenye bidii atakwenda kuiona hiyo barabara kwa macho yake.

Swali la nne: Je, bomba lilikuwa pale kwa ruhusa? Hifadhi ya barabara si ya mtu binafsi. Kama kikundi kina barua ya kuruhusiwa kupitisha bomba, hoja hii ya kaunti inakufa. Kama hakina, kaunti itasema, "Mliweka wenyewe mahali pasipofaa."

Swali la tano: Hasara ni kiasi gani, na risiti ziko wapi? Hasara ya kutajwa kwa mdomo tu haifiki mbali mahakamani.

Baada ya maswali hayo anaandika barua ya ushauri kwa wakubwa wake. Hapa ndipo ustadi wa kazi hii unapoonekana, ingawa mwananchi haioni barua hiyo. Akiona kaunti ina hoja nzuri, atasema, "Tupigane." Akiona greda ilikata bomba, ruhusa ilikuwepo, risiti zipo na muda haujapita, lazima awe na ujasiri wa kusema, "Tulipe, tena tulipe mapema." Kesi ya shilingi 180,000 ikivutwa miaka sita inazaa riba, inazaa gharama za mawakili wa pande mbili, na mwishowe kaunti inalipa pesa nyingi zaidi kuliko bei ya bomba. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 159, inahimiza njia za maelewano na upatanisho. Wakili wa umma anayesuluhisha mapema ameokoa pesa za umma sawasawa na yule anayeshinda kesi.

UKISHINDA, UNALIPWAJE?

Jambo hili linawasumbua wengi. Mtu wa kawaida akikataa kulipa deni la korti, dalali huja akachukua ng'ombe au gari. Serikali haifanyiwi hivyo. Sheria ya kesi dhidi ya serikali, ambayo sasa inazihusu kaunti pia, inakataza mali ya umma kukamatwa. Sababu yake inaeleweka: dalali akichukua gari la wagonjwa, atakayeumia ni mgonjwa ambaye hakumkosea mtu.

Kwa hiyo mshindi huomba korti cheti kinachoonyesha kiasi anachodai, na kukipeleka kwa ofisi. Isipolipa, anarudi kortini kuomba amri ya kumlazimisha afisa anayesimamia pesa alipe. Afisa akiidharau amri hiyo, anaweza kuadhibiwa yeye mwenyewe, hata kufungwa. Wakili wa umma ana wajibu wa kumwambia mkubwa wake wazi, "Bwana, amri ya korti si barua ya kuweka kabatini." Asiyethubutu kusema hivyo hajamsaidia mkubwa wake. Amemtayarishia shida.

KESI TATU ZA KUJIFUNZA

Ya kwanza tunaifahamu sana katika nchi hii ya mlima. Mwaka wa 2009 wazee watano waliowekwa vizuizini wakati wa vita vya Mau Mau, miongoni mwao Wambugu wa Nyingi na mama Jane Muthoni Mara, waliishtaki serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London. Hebu tutazame mawakili wa serikali ile walivyofanya. Kwanza walisema, "Si sisi. Madeni ya ukoloni yalihamia kwa serikali ya Kenya mwaka wa 1963." Julai 2011 jaji alikataa kuifuta kesi kwa sababu hiyo. Kisha wakasema, "Wamechelewa. Mambo haya ni ya miaka ya hamsini." Mnaona? Ni maswali yale yale ya bomba la maji: aliyeshtakiwa ni nani, na muda umepita?

Lakini kuna jambo moja la kuangaliwa. Mwezi wa Julai 2012, wakili wa serikali ya Uingereza alisema mbele ya korti kwamba serikali haibishi kuwa wazee hao waliteswa. Aliendelea kupigania hoja ya muda, kwa kuwa ndiyo kazi aliyopewa, lakini hakuwaambia wazee wale kwamba ni waongo. Oktoba 2012 jaji alikataa hoja ya muda pia, kwa sababu karatasi za serikali ya kikoloni zilikuwa zimehifadhiwa kwa wingi na kesi iliweza kusikizwa kwa haki. Tarehe 6 Juni 2013 serikali hiyo ilieleza masikitiko yake bungeni na kukubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, gharama za kesi zikiwa ndani yake.

Kesi haikuishia hapo. Watu zaidi ya 40,000 walifungua kesi nyingine. Mwaka wa 2018 jaji mwingine aliikataa, na sababu kubwa ilikuwa ule ule muda: zaidi ya miaka hamsini ilikuwa imepita. Hoja iliyoshindwa mara ya kwanza ilishinda mara ya pili. Wazee wengi walirudi nyumbani mikono mitupu.

Kesi ya pili ni ya binti wa Nyeri, Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe. Mwaka wa 1989 alikwenda kortini kuzuia jengo refu lisijengwe ndani ya Uhuru Park. Aliyeshtakiwa alikuwa kampuni ya gazeti la Kenya Times, lililokuwa la chama tawala. Korti ilimwambia hana haki ya kuleta kesi hiyo, kwamba anayeweza kushtaki kwa niaba ya umma ni Mwanasheria Mkuu peke yake. Kwa miaka mingi hoja hiyo ilikuwa ngao kubwa ya waliotetea ofisi za umma: "Wewe ni nani? Umeumia wapi?" Katiba ya 2010, katika vifungu vya 22 na 258, imeufungua mlango huo. Sasa mtu au kikundi kinaweza kwenda kortini kwa ajili ya faida ya umma. Wakili wa umma wa siku hizi hawezi kujificha nyuma ya mlango uliokwisha kufunguliwa. Lazima ajibu jambo lenyewe.

Kesi ya tatu ilitoka kwa jirani zetu wa Kiambu. Kaunti hiyo ilipitisha Sheria yake ya Fedha ya 2013 iliyoweka ada na ushuru. Wananchi walikwenda kortini, na mwaka wa 2014 Mahakama Kuu ikaifuta sheria nzima kwa sababu haikuridhika kwamba wananchi walishirikishwa vya kutosha. Jaji alieleza kwamba kaunti inafaa kuwafikia watu kwa kila njia inayofaa: makanisani, misikitini, barazani, na kwa redio za kitaifa na za lugha za nyumbani. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufaa iliiunga mkono hukumu hiyo. Hapa wakili wa kaunti anapata funzo kubwa. Kesi ya namna hii hushindwa au kushinda kabla ya kufika kortini. Wakili akishauri mapema kwamba mikutano ifanywe kweli, na daftari la mahudhurio na maoni ya watu vihifadhiwe, atakuwa na kitu cha kuonyesha. Mikutano isipofanywa, hata wakili hodari namna gani atasimama bila silaha.

NJIA YA KUIFIKIA KAZI HII

Mtoto aanze kuelewa mapema kwamba safari ni ndefu na hatua zake hazirukwi.

1. Shule ya sekondari. Sheria ya 2012 inayosimamia Chuo cha Sheria cha Kenya inataja gredi ya C+ katika mtihani wa kidato cha nne, pamoja na B katika Kiingereza au Kiswahili. Masharti haya yamebishaniwa sana kortini, hasa kwa wale waliopitia diploma kwanza. Kabla ya kulipa karo popote, mzazi aulize chuo masharti yaliyopo wakati huo na apewe jibu kwa maandishi.

2. Shahada ya sheria. Inachukua miaka minne. Hakikisheni chuo kina kibali cha Baraza la Elimu ya Sheria cha kufundisha sheria. Kibali cha chuo kizima hakitoshi. Wazazi wengine wamegundua jambo hili wakiwa wamechelewa.

3. Chuo cha Sheria cha Kenya, kilicho Karen, Nairobi. Hapa kijana anajifunza kazi yenyewe: kuendesha kesi, kuandika hati, kuhamisha ardhi, kusimamia mirathi, maadili ya wakili. Kuna mitihani ya masomo tisa inayosimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Wengi huanguka somo moja au mawili na kurudia. Kuanguka si mwisho wa safari, lakini kila kurudia kuna gharama.

4. Miezi sita ya kujifunza chini ya wakili mwenye uzoefu. Anayetaka kutetea umma aombe nafasi katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu au ya kaunti. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu ina matawi mikoani, hata Nyeri. Hapo ataona mafaili ya serikali kutoka ndani.

5. Kiapo. Akimaliza yote anaomba kwa Jaji Mkuu, anaapishwa, na jina lake linaandikwa katika orodha ya mawakili wa Mahakama Kuu.

Kwa hesabu ya haraka, aliyemaliza kidato cha nne akiwa na miaka 18 anaweza kuwa wakili akiwa na miaka 25 hivi, kama hakuna kilichomkwamisha. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, hukopesha wanafunzi wa vyuo vikuu, na pia wale wa Chuo cha Sheria. Wazazi wengi hupanga harambee ya chuo kikuu na kusahau mwaka wa Karen, kumbe huo ndio unaowakwamisha vijana wengi.

JINA LINAJENGWA POLEPOLE

Baada ya kiapo kuna milango mitatu. Wa kwanza ni kuajiriwa na ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Wa pili ni kuajiriwa na kaunti kupitia bodi yake ya utumishi wa umma, au na shirika la umma. Wa tatu ni kufungua ofisi yako mwenyewe mjini na kuomba uwekwe katika orodha ya mawakili wanaopewa kesi na ofisi za umma. Kazi hiyo hutolewa kwa sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, na sehemu ya asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na walemavu.

Anayeanza asidharau kesi ndogo. Nenda mbele ya hakimu wa Othaya kwa kesi ya ukuta uliobomolewa. Jifunze kumhoji shahidi bila kumdhalilisha. Kisha chagua shamba lako la kulima. Wengine huingia katika ardhi, wengine katika ajira na malipo ya uzeeni, wengine zabuni. Huku kwetu, karibu na Aberdare na Mlima Kenya, kuna pia madai ya wanyamapori: sheria ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama aliyetajwa katika sheria hiyo, na ubishi kuhusu mnyama gani, mahali gani na ushahidi gani haukosekani.

Mtu wa nyumbani hapa anaweza kufika juu kabisa. Justin Muturi, mzaliwa wa Embu, alianza akiwa hakimu, akawa mbunge wa Siakago, kisha Spika, na kutoka 2022 hadi 2024 alikuwa Mwanasheria Mkuu. Aliyemfuata mwaka wa 2024, Dorcas Oduor, ni mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi ya mashtaka ya umma kwa miaka mingi. Wasichana wetu walijue hilo.

Lakini tuseme ukweli, kazi hii ina mitego. Mwanasiasa atamtaka wakili aandike ushauri unaomfurahisha. Afisa aliyekosea atamtaka afiche karatasi. Wakili wa nje naye atajaribiwa kuivuta kesi kwa sababu kila siku ya korti ina malipo, na wakaguzi wa hesabu za serikali wamehoji mara nyingi kaunti zinazolipa mawakili wa nje pesa nyingi huku zina mawakili wa mshahara. Wakili akikubali mitego hiyo, majaji watamjua. Mji ni mdogo. Akisimama kesho na kusema, "Mheshimiwa, hati hii ni ya kweli," hakuna atakayemwamini. Katika kazi hii uaminifu ndio mtaji, na ukishapotea hakuna benki inayoukopesha.

KIKUNDI CHENU KINAWEZA KUFANYA NINI?

Kwanza, wekeni karatasi. Barua za ruhusa, risiti, picha zenye tarehe, majina ya mashahidi. Barua ikipelekwa ofisini, mwombeni karani apige muhuri kwenye nakala yenu. Wakili wa kaunti ataanza kwa kutafuta karatasi, na asiyekuwa nazo ndiye anayeshindwa.

Pili, hesabuni siku. Jambo likitendeka, andikeni tarehe katika daftari la kikundi, na mwezi wa tatu ukipita bila jibu mtafuteni ushauri wa sheria. Msingoje mwezi wa kumi na tatu.

Tatu, ombeni maelewano kwa maandishi mkitaja kiasi kamili na kuambatisha risiti. Barua ya namna hiyo inampa wakili mwaminifu kitu cha kuwapelekea wakubwa wake.

Nne, nendeni kwenye mikutano ya kaunti ya maoni ya wananchi na mtie sahihi. Sahihi yenu ni ushahidi kwamba mlisikizwa, na ikikosekana ni ushahidi kwamba hamkusikizwa.

Tano, kama kuna mtoto kijijini mwenye kichwa cha mambo haya, msaidieni kama tunavyosaidiana katika ngwatio: leo shamba hili, kesho lile. Ila msimsaidie kwa masharti kwamba atakuwa wakili wenu milele. Huenda siku moja akasimama upande wa kaunti na kumwambia jaji kwamba kesi yenu imechelewa. Itawauma. Lakini kama amesema kweli, hajawasaliti. Anatunza mfuko ambao na nyinyi mmetia pesa zenu. Na kama kaunti ndiyo yenye kosa, mtoto huyo huyo, akiwa amelelewa vizuri, ndiye atakayeandika ile barua msiyoiona: "Hawa watu wana haki. Tuwalipe."

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Je, kikundi chetu kina barua ya ruhusa kwa kila bomba, kibanda au daraja tulilojenga kwenye ardhi ya umma? Nani anazitunza?

2. Kuna dai lolote tunalodai ofisi ya umma? Lilianza tarehe gani, na miezi mingapi imebaki?

3. Je, ni haki sheria impe mwananchi muda mfupi wa kuishtaki serikali kuliko wa kumshtaki jirani yake? Semeni sababu za pande zote mbili.

4. Mtoto wetu akiwa wakili wa kaunti na kikundi kikashindwa na yeye kortini, tutampokeaje nyumbani?